Boljointi ya Mkwe

Prado ya Obed ilianza kugonga tangu mahindi yalipovunwa, na kila aliyeipanda alisikia isipokuwa watu wawili: mwenye gari na fundi wake. Si kwamba walikuwa viziwi. Kiziwi angalau mtu humsamehe.

Fortunata, mke wa Obed, alisikia siku walipokuwa wanapanda kutoka Wampembe, magunia ya dagaa juu ya paa na abiria wamebanana nyuma. Yeye alikaa mbele, kushoto kwa mumewe. Kila gurudumu la upande wake lilipoingia shimoni, kitu kiligonga chini ya nyayo zake, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi. Obed akikanyaga breki, gari linakimbilia kushoto, naye analirudisha huku anaendelea kusimulia habari za mvua. Walipofika Kate wakasimama kunywa chai, Fortunata akachuchumaa kulitazama lile tairi. Ukingo wa nje ulikuwa na meno yake yote. Ukingo wa ndani ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinachungulia.

"Baba Jeni, gari hili linaumwa," akasema.

"Baba katoka kulitengeneza juzi tu."

"Ndiyo maana nasema linaumwa."

Obed akapuliza chai yake, akatazama ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara, akawasifia unene. Kwa ng'ombe Obed alikuwa na maneno siku zote. Kwa baba mkwe wake hakuwa na hata neno moja.

Maana huyo "baba" ni Mzee Urbano, baba mzazi wa Fortunata, fundi wa magari pale Majengo tangu enzi ambazo gari likiingia Sumbawanga watoto walilikimbilia. Kwao Obed ni wafugaji, watu waliohama na mifugo yao kutoka Kanda ya Ziwa kuja kutafuta malisho Rukwa. Alipokuja kuposa, wajomba wa Fortunata walisema binti wa Kifipa haendi kulala zizini. Mzee Urbano peke yake alisema kijana huyu anatazama watu machoni, mpeni. Tangu siku hiyo Obed hakumtazama tena machoni. Humwamkia kofia ikiwa mkononi, huzungumza naye akitazama viatu vyake mwenyewe, na mzee akisema jua ni mwezi, Obed atauliza umeandama lini. Fortunata hakuwa na ugomvi na heshima hiyo ilipokuwa sebuleni. Sasa ilikuwa imeingia kwenye gurudumu.

Nyumbani alimwambia mumewe waziwazi alipeleke gari kwa Christopha, fundi kijana mwenye gereji yake hapo hapo Majengo.

"Gereji ya Christopha inatazamana na ya baba," Obed akasema. "Ataniona. Atasema mkwe wangu ameniona nimezeeka."

"Na mimi nikifa atasema nini?"

"Hufi, Mama Jeni. Ni kelele tu. Gari la zamani lazima liseme."

Kelele tu. Fortunata alilala na maneno hayo, akaamka nayo, yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Gari la zamani lazima liseme, sawa, lakini hili lilikuwa linasema jambo moja tu, linalirudia kila shimo, na mwanamume mzima na akili zake amejiziba masikio eti ni adabu. Alijaribu kwa upole. Alijaribu kwa kununa. Alimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, Obed akaitikia kwamba ni kweli kabisa, akaenda kuosha gari.

Ndipo akaja Kristiana, mwenyekiti wa kwaya. Watoto wa kigango cha Wampembe walikuwa wanapata kipaimara, na kwaya ya kina mama wa Sumbawanga ilikuwa imealikwa kwenda kuimba. Wanataka gari la Obed, Jumamosi, kushuka asubuhi na kurudi jioni. Albina atakuja na mtoto mgongoni, kina bibi wawili watakaa mbele kwa sababu ya miguu yao. Obed alikubali kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Fortunata aliyasikia hayo akiwa jikoni anasonga ugali, na mwiko ukasimama. Yeye mwenyewe ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ile. Aliijua njia. Ukishaipita Kate, nyanda zinakwisha kama meza inavyokwisha, na barabara inaanza kujikunja kwenda chini ziwani, mawe upande mmoja, hewa upande wa pili. Huko breki hukanyagwa kutoka juu mpaka chini. Na gari likikanyagwa breki linavuta kushoto. Na kushoto, wakati wa kushuka, ndiko kwenye hewa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema. Lakini wahenga hawakusema mtu afiche maradhi yake halafu kifo kikawaumbue wanakwaya.

Ijumaa asubuhi Obed alikwenda shamba kutazama maharage, akaziacha funguo msumarini. Fortunata akazichukua. Kuendesha alifundishwa na Obed mwenyewe, shambani baada ya mavuno, kwa mapenzi na vicheko, na hakuwahi kufikiri kwamba elimu ile angeitumia kumtoroshea mumewe gari. Alijifunga khanga vizuri juu ya sweta, maana upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, akaenda gia ya kwanza mpaka Majengo, ko, ko, njia nzima.

"Shikamoo dada," Christopha akasema. "Leo unaendesha mwenyewe?"

"Marahaba. Nitazamie mbele kushoto."

Christopha alikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Fortunata baadaye. Aliweka gogo chini ya chesisi kwa usalama. Jeki akaiweka chini ya mkono wa chini unaobeba gurudumu, ili uzito uondoke kwenye boljointi, kile kiungo cha chuma kinachounganisha mkono huo na gurudumu, maana boljointi ikibanwa na uzito huficha ubovu wake. Gurudumu lilipoachana na ardhi, akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akauinua kidogo. Akatazama. Akainua tena. Kisha akaushusha mtaimbo taratibu, akaulaza chini, akaanza kujifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Hii siigusi, dada."

"Ni mbovu?"

"Ni kazi ya Mzee hii. Mimi spana nimefundishwa kushika na yeye. Fundi hafungui alichofunga mwalimu wake mpaka mwalimu amwite. Ndivyo tulivyolelewa hapa."

"Nimekuuliza ni mbovu au nzima."

Christopha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mabati ambako Mzee Urbano alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe chake cha uji wa ulezi. "Wampembe usishuke nalo," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu," Fortunata akarudia.

Hasira iliyompanda hapo haikuwa ile ya nyumbani. Ya nyumbani ilikuwa na mumewe tu. Hii ilikuwa na wanaume wote wenye adabu, wote wanaojua kitu na kukimeza, wanaopeana mikono miwili na kuinamisha vichwa huku mauti yanawasubiri wengine barabarani. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe ni Albina na mtoto wake mgongoni.

Akampigia Obed simu. "Njoo gereji kwa baba. Gari limeharibika." Kisha akaliondoa gari kwa Christopha, akavuka nalo barabara, akaliegesha kwa kulikingamisha mbele ya kibanda cha baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Gari lina nini?"

"Utaniambia wewe. Namngoja mwenzako."

Mzee Urbano alimjua binti yake. Hakuuliza tena. Aliweka kikombe chini, na kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza kupanga nati ambazo zilikuwa tayari zimepangika.

Obed alifika kwa bodaboda, udongo wa shamba viatuni, akaivua kofia kabla pikipiki haijasimama. "Shikamoo baba. Kuna nini?"

Fortunata alikuwa ameshatandika gunia chini ya gari. Gogo limewekwa, jeki imepanda, mtaimbo uko mkononi mwake. "Laleni hapo, wote wawili, mtazame gurudumu la kushoto. Mimi nitainua."

Hakuna aliyesogea. Nyundo za gereji za jirani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mkwe na mkwe hawaketi mkeka mmoja, sembuse kulala chali bega kwa bega kwenye gunia la grisi, tena kwa amri ya mwanamke, tena mbele ya watu.

"Mama Jeni, twende nyumbani tukaongee," Obed akanong'ona.

"Nyumbani tumeshaongea mpaka maneno yameisha."

"Fortunata," Mzee Urbano akasema, "hasira hasara."

"Hasara iko chini ya gari hili, baba, na nyote mnaijua. Laleni."

Huenda ni sauti yake, ambayo haikuwa imepanda hata kidogo. Mzee alitangulia. Akakaa chini, akajilaza, akajivuta kwa visigino kama alivyojivuta chini ya magari maisha yake yote. Obed akafuata, akiacha nafasi katikati ambayo mtu wa tatu angeenea, nusu ya mwili wake ikabaki vumbini nje ya gunia.

Fortunata akainua mtaimbo. Gurudumu likapanda, likashuka. Ko.

"Mmeona nini?"

Akainua tena. Ko. Kutoka chini ya gari havikuonekana ila viatu vinne, navyo vilikuwa vimekakamaa.

"Nitainua mpaka jua lizame," Fortunata akasema. "Mimi leo sina kazi nyingine."

"Mpira wa kufunikia umechanika," sauti ya Obed ikasema hatimaye. "Grisi yote imetoka."

"Endelea."

"Kichwa cha boljointi kinacheza ndani ya kikombe chake. Ukiinua kinapanda. Ukishusha kinashuka."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku nilipolichukua hapa. Sikutoka hata Majengo, nikasikia."

"Na hukusema."

"Ningemwambiaje baba kwamba mkono wake umezeeka?"

Chini ya gari kukasikika mguno, kisha sauti ya Mzee Urbano, na ndani yake mlikuwa na uchungu ambao Obed hakuwahi kuusikia. "Mkono wangu? Mkono wangu haujazeeka, mkwe. Boljointi hiyo uliileta wewe."

Ukweli ukatoka wote hapo, ukiwa umelala chali. Boljointi ya kwanza ilipokufa, Obed alikwenda Tunduma kutafuta nyingine, akauziwa ya mtumba iliyopakwa rangi ikang'aa. Akaileta kwa mkwe wake kama watu wanavyopeleka vitu ukweni, imefungwa vizuri, pamoja na sukari na kitenge cha mama. Mzee akaipokea kwa mikono miwili.

"Nilipoishika tu nikaijua," mzee alisema. "Boljointi nzima ukizungusha kichwa chake kwa mkono inagoma. Hiyo ilizunguka kama kijiko kwenye chai."

"Kwa nini uliifunga?" Fortunata akauliza.

"Mkwe amekuletea kitu kwa moyo wake. Nimrudishie, nimwambie ameleta takataka? Nimwonyeshe kwa watu kwamba hajui kununua? Nikaijaza grisi, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli nikaivalisha, nikaufunga kwa waya. Nikasema moyoni, ikianza kugonga ataniambia mwenyewe, nami nitamwambia tutafute nyingine, na hapo hakuna aliyemwaibisha mwenzake."

"Kumbe ulikuwa unaningoja mimi, baba?" Obed akauliza.

"Nilikuwa nakungoja."

"Nami nilikuwa nakungoja wewe."

"Samahani sana, mkwe wangu."

"Hapana baba, kosa ni langu. Nisamehe mimi."

Fortunata aliutupa mtaimbo chini. Sauti ya chuma ikawatoa wote wawili chini ya gari, mmoja kila upande.

"Mnaombana radhi," akasema. "Mnaombana radhi ninyi kwa ninyi. Kuna aliyeniomba mimi? Nimekaa juu ya gurudumu hili kutoka Wampembe mpaka hapa, kila safari, na baba yangu mzazi anajua ameweka nini chini yangu, na mume wangu anajua, na wote wawili mnanisalimia vizuri asubuhi. Abiria je? Wale waliopanda na watoto wao, mliwaheshimu lini? Kesho mlikuwa mnawashusha kina mama wa kwaya kwenye mteremko ule, na kama gurudumu lingejikunja mngekuja kwenye mazishi na kofia zenu mkononi mkapishana mlangoni, pita wewe baba, hapana pita wewe mkwe. Hiyo si heshima. Mnaoneana aibu tu, na aibu yenu mmetubebesha sisi."

Hakulia, na alijishukuru kwa hilo. Obed alitazama viatu vyake, kisha inaonekana akaona aibu hata ya kuvitazama.

Fortunata akaugeuza uso wake ng'ambo ya barabara. "Christopha. Mwalimu wako anakuita. Pitia duka la spea uje na boljointi mpya ya kushoto, ya kwenye boksi."

Christopha akamtazama Mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na kijana akaenda mbio.

Ilipofika, Mzee Urbano aliitoa kwenye boksi, akakizungusha kichwa chake kwa vidole. Kikagoma. Akajitahidi, kikasogea kidogo, kizito. Akampa Obed. "Shika. Hivi ndivyo inavyotakiwa. Siku ile ningekupa uishike hivi, yangekwisha." Obed akaishika, akakizungusha na yeye.

Wakalegeza nati za gurudumu, wakalitoa. Mzee akachomoa pini ya boljointi kwa koleo, akaanza kuilegeza nati yake. Boljointi kwa kawaida haitoki kwa hiari. Nati ikishalegea, fundi hupiga nyundo pembeni ya jicho la chuma linaloishika, mara nyingi, kwa nguvu, na mara nyingine hutukana. Mzee Urbano alinyanyua nyundo, akapiga mara moja tu, tena si kwa nguvu, pigo la kujaribu.

Kichwa kikachomoka kwenye kikombe chake. Nati bado ilikuwa kwenye nyuzi zake, mahali pake, imekaza nusu. Boljointi yenyewe ilikuwa imeachana vipande viwili, na mkono wa chini ukadondoka juu ya jeki kwa kishindo.

Mzee akabaki na nyundo hewani. Christopha akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya mtu anayesali kweli. Obed alitazama lile shimo tupu lililong'aa kwa kulika, uso wake ukapauka, akarudi nyuma akakaa kwenye kigoda cha baba mkwe wake bila kujua amekaa wapi. Hakuna aliyemkataza.

Boljointi mpya ikaingia mahali pake, nati ikakazwa, ikawekwa pini mpya kwa sababu ya zamani ikishakunjuliwa hairudishwi. Mzee akazilegeza boliti za bushi, mipira inayoshika mkono wa chini, gurudumu likarudishwa, akalishusha gari likasimama kwa miguu yake yote, kisha ndipo akazikaza, maana bushi zikikazwa gari likiwa linaning'inia hujipinda na kuchanika mapema. Fortunata alisimama pale kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono kifuani. Walimletea kiti, akakikataa.

"Likimbize kidogo barabara ya Namanyere, kwenye mashimo," Mzee akamwambia Obed.

Obed akaenda. Fortunata alihisi hasira ikianza kushuka, na ikishuka inaacha uchovu, akawaza kwamba akirudi nyumbani atalala mchana kama mgonjwa. Kazi ilikuwa nzuri. Aliona mwenyewe. Baba yake bado ni fundi.

Prado ilirudi, ikazimwa. Obed akashuka, kofia mkononi.

"Vipi, mkwe?"

Fortunata alimwona mumewe anafungua kinywa, na aliliona lile jibu la siku zote, safi kabisa baba, limeshafika mdomoni. Obed akatazama viatu vyake. Kisha akainua uso, akamtazama mzee machoni.

"Kushoto kumepona, baba. Lakini na kulia panagonga. Kidogo, ila panagonga."

Mzee Urbano akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa taratibu, na kwenye midomo yake kukawa na kitu kama tabasamu.

"Najua," akasema. "Nilipaona nilipolala pale chini. Nilitaka nione kama utaniambia."

Christopha akacheka kwa kuona mambo yamekwisha vizuri. Obed naye akaanza kucheka. Fortunata hakucheka.

"Na asingekuambia, baba?"

Mzee akamgeukia. Tabasamu likamtoka. Akaitazama mikono yake yenye grisi, akaigeuza, akatafuta jibu, na mara hii hakutafuta la kumpendeza mtu.

"Sijui, mwanangu."

Fortunata akanyoosha mkono. Obed akamwekea funguo kiganjani bila kuulizwa. Akazifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akaenda kwa Kristiana kumwambia kwamba kesho kwaya haishuki Wampembe.